Maegesho ya Mzee Greda

Mzee Greda alivua viatu, akaukanyaga udongo kwa nyayo tupu, polepole, kama mpishi anayeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Hakuhitaji kifaa. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya kiti cha greda, akiparua udongo na kuzipa barabara mgongo ili maji ya mvua yateremkie mitaroni. Nyayo zake ziliutambua mteremko hata akiwa amefumba macho.

"Barabara iliyo sawa kama meza," alizoea kuwaambia vijana wa kazini, "imekwisha kufa, ila haijatangazwa."

Alipostaafu na kupewa kiinua mgongo, wenzake walicheka wakasema kwamba malipo hayo yalitungiwa jina kwa ajili yake. Yeye hakucheka. Alikuwa na kiwanja kando ya barabara kuu, kipana, kitupu, na kwenye kona yake ya chini alikuwa amelala mkewe.

Mkewe ndiye aliyeyataka hayo. Ugonjwa ulipombana, hakuagiza sanda wala wimbo. "Nizike kiwanjani," alisema. "Makaburini utakuja mara moja kwa mwaka, tena ukiyalalamikia magoti. Pale utapita kila siku, utake usitake." Wachimbaji walianzia upande wa juu, sururu zikagonga mwamba. Wakajaribu katikati, mwamba tena. Mwishowe ardhi ikawakubalia kwenye kona ya chini, penye kibonde. Mzee Greda alikiona kibonde hicho, lakini siku hiyo hakuwa na moyo wa kupima miteremko.

Mvua ziliposhuka, maji ya kiwanja kizima yalikwenda kukaa juu ya mkewe. Alilikuta kaburi limekuwa kisiwa, na bamba lake la saruji limezama upande wa kichwani. Akasimama pale, maji yakimfika vifundoni, akalia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Alikuwa ameyaondoa maji katika barabara za watu asiowajua, na yamemshinda nyumbani kwake.

Kiangazi kilichofuata akaja afisa wa ardhi, kijana mwenye adabu na viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Viatu hivyo vitakulaumu."

"Vimekwisha kunizoea." Kijana akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Mzee wangu, nimetumwa. Viwanja vya biashara vya kando ya barabara ambavyo havijaendelezwa vinarudishwa, wapewe wenye uwezo. Hiki chako kimelala."

"Aliyelala ni mke wangu."

Afisa akaitazama kona ya chini, akavua kofia. "Pole sana. Nitarudi mvua zitakapoanza. Nikikuta biashara inafanya kazi, nitaandika kwamba kiwanja kinatumika, na hakuna atakayekugusa. Nikikikuta kitupu, sitakuwa na la kufanya."

"Na yeye?"

"Ataamua atakayekipata. Anayekitaka ni mtu wa kituo cha mafuta, na matangi ya mafuta huzikwa chini, mzee wangu. Kwa kawaida makaburi huhamishwa."

Wazo la magari lilikuwa la binti yake. Yeye alikaa mapokezi katika nyumba ya wageni mjini, na kila mara aliwarudisha wasafiri waliokuja na magari ya kulala: yale magari marefu yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo wenyewe huzunguka nayo nchi hata nchi kama kobe na gamba lake. Hawakutaka chumba. Walitaka mahali pa kuegesha palipo salama, bomba la maji, waya wa umeme, na shimo la kumwagia maji machafu. Ua wa nyumba ya wageni haukuwatosha.

"Baba, sisi tuna uwanja," alisema. "Tuwapangishie uwanja. Nyumba wanakuja nayo wenyewe."

Mzee Greda aliligeuza neno hilo kichwani, akaona ni zuri. Magari hayachimbi msingi. Magari hayajengi juu ya mtu.

Wakaanza. Binti alisimamia mabomba, nguzo za umeme na choo cha wageni. Akapaka rangi nyeupe mawe ya mpaka kwa mikono yake mwenyewe kila alipotoka kazini. Udongo ulikuwa wa baba. Alimwendea aliyekuwa utingo wake zamani, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa kampuni ya barabara, akaazimwa greda kuukuu kwa muda mfupi. Alipopanda na kushika usukani, mgongo wake ulinyooka kama wa kijana.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo muuza matairi aliyeitwa Spea, mtu wa makamo asiyeweza kuona jambo likipita bila kulirushia neno. Alivuka kuja kutazama.

"Kwa hiyo magari yatakuja kulala hapa, mzee?"

"Yatakuja."

"Langu lipokee basi. Ila hilo halilali, huzimia."

"Lilete. Kuna nafasi karibu na choo."

Spea akacheka mpaka akajishika kiuno. Lakini greda lilipomaliza, hata yeye alichuchumaa kuutazama udongo kwa makini. Mzee Greda alikuwa amekigeuza kiwanja kizima. Ardhi iliyokuwa ikiinamia kaburi sasa iliinamia barabara. Kila egesho lilikuwa na mgongo katikati na mabega mawili, limeshindiliwa changarawe, likiwa na kijimtaro kila upande. Na vijimtaro vyote vilikwenda kuungana na mtaro mkuu wa barabarani. Alimwaga ndoo ya maji juu ya egesho la kwanza. Maji yakagawanyika, yakateremka, yakaondoka bila kugeuka nyuma. Akamwaga nyingine karibu na kaburi. Nayo ikaondoka.

"Umeona?" alisema, na hakuwa akimwambia binti yake wala Spea.

Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke, watu wazima, wote wastaafu: mke alikuwa nesi, mume dereva wa mabasi. Waliegesha jioni, wakasifu bomba, wakasifu mawe meupe. Asubuhi Nesi alitoka akishika shingo.

"Umeamkaje, mama?" Mzee Greda aliuliza.

"Sikuamka, baba, kwa sababu sikulala. Usiku kucha nilikuwa nikimwangukia huyu bwana, naye akiuangukia ukuta. Tumeoana miaka mingi, lakini hatujawahi kusukumana kiasi hicho."

Mumewe alicheka kwa upole, akamkaribisha ndani. Aliweka yai juu ya meza. Yai likaviringika, akalidaka likiwa pembeni. Friji ilikuwa imezima, kwa maana friji za magari hayo hutaka kusimama wima ndipo zifanye kazi. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yamekusanyika upande mmoja wa sinki, yakikataa kutoka.

"Nimetia kabari zangu zote chini ya magurudumu," dereva alisema. "Nikiinua kulia, mbele kunashuka. Nikiinua mbele, kushoto kunalalamika. Mzee mwenzangu, nisamehe kwa neno nitakalolisema. Tumetoka barabarani ili tulale, nawe umetupangishia barabara."

Walilipa walichopaswa kulipa, wakaaga kwa heshima, wakaondoka kabla ya jua kukolea. Waliowafuata hawakuwa wapole kiasi hicho. Mmoja alisema mtoto wake alianguka kitandani. Mwingine alishuka, akaliangalia egesho, akapanda tena garini bila kuzima injini. Watu wa magari ya kulala huambizana njiani palipo pazuri na palipo pabaya, na neno likatangulia mbele ya kila gari. Maegesho yakabaki na mawe yao meupe, maridadi, matupu.

"Ushauri wa bure, mzee," Spea alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Wapangishie mbuzi. Wao hulala popote palipoinama."

Mzee Greda aliendelea kufagia majani kwenye maegesho matupu.

Binti yake alimjia mwisho wa wiki, akaketi naye juu ya ngazi ya choo cha wageni, mahali pekee pa kukalia palipokuwa na kivuli.

"Baba, sawazisha."

"Palipo sawa ndipo maji yanapokaa."

"Si barabara, baba. Ni kitanda. Mtu anataka kulala."

"Nimekusikia."

"Hukunisikia. Afisa atakuja mvua zikianza, na mawingu hayo huyaoni? Atakuta nini? Mawe yangu meupe?"

Mzee akavisugua viganja vyake. "Nikisawazisha," alisema hatimaye, "maji hayatakwenda barabarani. Yatarudi kwa mama yako. Yanaijua njia."

Binti akageuka, akaitazama kona ya chini. Ndipo alipokielewa kiwanja chote, kila kijimtaro na kila bega, kama mtu aliyesomewa barua ambayo amekuwa akiikanyaga. Hakuwa amewahi kumuuliza baba yake kwa nini ardhi ile iliinama vile. Alidhani ni mazoea tu ya mkono.

"Tuweke zege basi," alisema kwa sauti ndogo. "Kila egesho sakafu yake ya sawa, na katikati mitaro."

"Kwa zege la nani?"

Alijua jibu. Akajaribu lililobaki. "Tumhamishe sisi, kabla hawajamhamisha wao."

Mzee Greda hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwulize mjomba wako."

Mjomba, kaka wa marehemu, aliulizwa kwa simu. Jibu lake lilikuwa fupi, nalo lilisikika hadi nje ya simu: "Dada yangu nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Hazikwi mara mbili kwa sababu ya magari ya watalii. Mkimgusa, mimi na ninyi basi." Kisha simu ikakatika, na baba na binti wakabaki wakitazamana kama watu walioshikilia ncha mbili za kamba iliyokatika katikati.

Hivyo Mzee Greda akachagua. Kilichomsukuma hakikuwa tumaini, ila hesabu ya msiba: mwenye kiwanja ataweza kuyateka maji ya kaburini kwa beseni, lakini asiye na kiwanja hatakuwa na kaburi la kulitekea. Akaenda tena kuliazima greda.

Ndipo ikatokea ajabu ambayo Spea aliisimulia kwa muda mrefu baadaye, kwanza kwa kicheko, kisha bila kicheko. Mzee alipita na greda, akateremka, akasema pamekuwa sawa. Binti akalaza ubao, akaweka pima maji juu yake. Kitone cha hewa kikakimbilia pembeni. Mzee akapanda tena, akauma meno, akapita upya. Kitone kikakimbia tena. Mara zote mkono wake uliinamisha kidogo kisu cha greda kinachoparua udongo, bila yeye kutaka, katika pembe ile ile uliyoizoea tangu ujanani. Msimamizi, utingo wake wa zamani, aliyekuwa amekuja kulichukua greda, alisimama pembeni akitazama chini.

"Bosi," alisema, akimwita kwa jina la zamani, "niruhusu mimi."

"Hapana," Mzee Greda alisema, akateremka. "Lichukue. Nitamaliza kwa jembe."

Wakamaliza kwa jembe, yeye na binti yake. Waliikwangua migongo ya maegesho na kuifukia mitaro kwa udongo walioukwangua. Rola la kuushindilia hawakuwa nalo. Waliushindilia kwa gogo na kwa miguu. Udongo uliosalia waliulimbikiza kulizunguka kaburi, likawa tuta la kimo cha goti. Binti aliliona kuwa ulinzi. Mzee aliliona kuwa bakuli, kwa sababu alijua kwamba maji yasiyoweza kupita juu hupita chini, na chini palikuwa na mwamba ambao haungeyameza. Lakini hakusema. Kila jioni aliweka pima maji juu ya ubao, na kila kitone kilipotulia katikati, binti yake alipiga makofi, naye alihisi kama mtu aliyelazimishwa kuandika uongo kwa hati nzuri.

Wageni wakarudi. Binti aliwapigia simu Nesi na mumewe, nao wakaja, wakaweka yai mezani, na yai likakaa. "Haya ndiyo maisha!" Nesi alisema. Wakawaita wenzao. Kukawa na magari matatu, kisha manne, yamejipanga kati ya mawe meupe. Nguo zikaanikwa, redio ikalia kwa sauti ya chini, na jioni moja dereva mstaafu akamwalika mwenye uwanja kwenye kikombe cha chai ndani ya gari lake. Mzee Greda aliketi kwenye kochi jembamba, akaitazama chai katika kikombe. Ilikuwa imetulia, sawa kabisa. Hakuweza kuinywa mpaka ikapoa.

Spea naye aliuza matairi mawili kwa wageni, akavuka kuja kushukuru. "Mzee, nayarudisha maneno yangu yote, isipokuwa lile la gari langu kuzimia. Hilo ni kweli."

Kisha mvua ikaja.

Haikuja kwa vitisho. Ilianza alfajiri, ikaendelea mchana kutwa, nzito, ya wima, isiyo na upepo wa kuisukuma kwingine. Mzee Greda alisimama chini ya paa la choo, akayatazama maji yakitafuta mlango. Yalifika kila ukingo wa kila egesho, yakakuta pako sawa, yakasimama. Yakaanza kukaa. Udongo waliouongeza, ambao haukuwahi kuonja rola, ulilainika kama ugali usioiva, na magurudumu yakaanza kuzama.

Asubuhi ya pili dereva mstaafu alimjia akiwa amekunja suruali. "Mzee mwenzangu, si kwamba tunakukimbia. Gari hili ndiyo nyumba yetu. Likizama, tumezama nalo."

"Ondokeni," Mzee Greda alisema. "Ondokeni upesi, mkiwa bado mnaweza. Gia ndogo, usikanyage mafuta kwa pupa. Fuata upande wa mawe."

Aliwaongoza mwenyewe, mmoja mmoja, akirudi kinyumenyume kwenye tope mikono ikiwa juu, kama alivyoyaongoza malori maisha yake yote. La mwisho lilikwama. Spea alileta mnyororo na gari lake la kuzimia, ambalo siku hiyo halikuzima, wakalivuta. Nalo lilipochomoka lilipasua egesho likaacha handaki refu. Nesi alipunga mkono dirishani, akilia waziwazi. Kisha barabara ikawameza.

Afisa wa ardhi alifika siku iliyofuata, pamoja na msaidizi aliyebeba kopo la rangi nyekundu. Mvua ilikuwa imepumzika. Kiwanja kilikuwa kioo kimoja kipana, na nguzo za umeme zilisimama ndani yake pamoja na vivuli vyake.

"Shikamoo, mzee wangu. Niliambiwa kwamba hapa pana magari."

"Yalikuwapo hadi jana."

"Naamini. Lakini siandiki nilichoambiwa, naandika ninachokiona."

"Yatarudi!" binti alisema. Alikuwa hajaenda kazini, na vazi lake la mapokezi lilikuwa limelowa hadi magotini. "Kaka yangu, subiri mvua zikatike, uje uone. Yalikuwa manne. Walikuwa wakianika nguo!"

"Dada yangu, mvua zitakapokatika kiwanja hiki kitakuwa na mwenyewe mwingine. Laiti ningefika juzi, ningeandika vingine. Nimefika leo."

Mzee Greda akasogea mbele. Hakuwa amewahi kumwomba mtu kitu kwa sauti ile, na binti yake aligeuza uso asiisikie. "Na kaburi je? Si matumizi hayo? Yumo mtu, mchana na usiku, hajahama hata siku moja. Utapata wapi mpangaji wa kudumu kuliko huyo?"

Afisa alivitazama viatu vyake, vilivyokuwa vimekwisha kupotea topeni. "Kaburi si uendelezaji, mzee wangu," alisema taratibu, kama mtu anayesoma maneno ambayo hakuyaandika yeye.

Msaidizi akaweka alama nyekundu kwenye nguzo ya kwanza, akaenda kwenye ya pili. Hakuna aliyemzuia. Spea alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, na hakurusha neno lolote.

Walipokwisha kuondoka, Mzee Greda alikwenda kwenye kona ya chini. Tuta lilikuwa limekaa imara, hakuna lilipobomoka, na ndani yake maji yalikuwa yamepanda kutoka chini, meusi, yamelifunika bamba isipokuwa ncha ya upande wa miguuni. Alitoa pima maji mfukoni mwa koti, akaiweka juu ya ncha hiyo. Katika kiwanja kizima hapakuwa na mahali pengine palipobaki na mteremko. Kitone cha hewa kikapanda hadi mwisho, kikang'ang'ania huko.

Akairudisha mfukoni, akachukua beseni, akaanza kuteka.

Kuyamwaga nje ya tuta hakukuwa na maana, kwa kuwa nje nako kulikuwa kumejaa. Alilibeba beseni hadi kwenye mtaro wa barabarani, akalimwaga huko, akarudi. Binti yake alimtazama akienda na kurudi, kisha naye akaingia ndani ya tuta akiwa na ndoo.

"Baba, hayatakwisha."

"Najua."

"Na alama wamekwisha kuziweka."

"Nimeziona."

"Basi tunafanya nini?"

Mzee Greda akanyoosha mgongo, akahema. "Mama yako," alisema, "shuka likiwa na unyevu kidogo tu, hakuwa akilala."

Akaliinua beseni, akashika njia ya kwenda mtaroni, kupitia maegesho aliyoyasawazisha kwa jembe, mahali ambapo hapakuwa tena na mteremko wa kuisaidia miguu yake. Nyuma yake, pale alipoteka, maji yalikuwa yamekwisha kuziba pengo.